Aliyesimama Tuli Ndia Kuu

Niapie kwanza. Weka mkono kifuani useme wallahi, haya ntakayokwambia hayatatoka nje ya mlango huu, hata kwa mumeo, hata kwa somo yako, hata kwa yule jirani yako wa dirishani ambaye mkiazimana chumvi husimama saa nzima. Umeapa? Haya. Aliyenihadithia mimi aliniapisha hivyo hivyo, na sikufika pembe ya msikiti kabla sijampata mtu wa kumwambia. Habari za nyumba ile ni tamu mno, hakulaliki nazo. Basi funga mlango, au uache wazi, shauri yako, usikie.

Miaka ile reli ya bara ilipoanza kulazwa, Mombasa ikajaa Wazungu wa kofia na makuli wa Kihindi, palikuwa na nyumba ya orofa mbili kwenye uchochoro nyuma ya Ndia Kuu, njia kubwa ya mji. Akikaa Idarus na mkewe Intisar, na mwana wao Taha ambaye hajatimiza miaka mitano, na dada yake Idarus, jina lake Mona, mjane asiye na mtoto. Idarus alikuwa mpiga picha. Kazi hiyo wakati huo ilikuwa ya Magoa waliotoka Bara Hindi, na watu wa mji walimcheka sana, mtoto wa watu wa kheri kushinda na kichwa ndani ya kitambaa cheusi kama kuku aliyefunikwa tenga. Mwenyewe aliipenda kuliko chakula. Alifunzwa na Mgoa mmoja mwenye duka, na Mgoa alipohamia Unguja alimwachia mashine yake kuukuu, ya mbao, ya miguu mitatu, yenye jicho zito kama la mzee.

Uzito wa jicho lile ndio uliokuwa msiba wake. Akiondoa kifuniko ilibidi ahesabu polepole mpaka ulimi umkauke, ndipo akirudishe. Ngome ilikuwa yatulia. Milango ya nakshi ilikuwa yatulia. Watu ndio hawakutulia, na mtu apitaye hakushika kwenye kioo cha picha, alifutika kama pumzi. Basi Idarus apige Ndia Kuu saa ya soko, wachukuzi wapita na magunia, vigari vya kusukumwa vyalialia juu ya reli zake ndogo, muuza kahawa agonga vikombe, na picha itoke mji mtupu, milango wazi, hapana hata paka. Wageni wa meli walizitazama picha zile wakatikisa vichwa.

"Watu wa mji huu wamekufa wote?" wakauliza.

Idarus alirudi nyumbani kichwa chini.

"Nataka mtu mmoja tu," alimwambia mkewe. "Mmoja tu anisimamie tuli, hao wa Ulaya wajue mji huu una wenyewe."

"Si umwite mtu asimame?"

"Nimewaita. Akisimama ajikuna. Akiacha kujikuna apita rafiki yake, wapeana mikono, waulizana hali mpaka ya mbuzi."

Na kweli, umeona wapi mtu wa Mombasa akapitwa na mtu asimsalimu?

Sasa, siku moja adhuhuri, jua la utosini, saa ambayo mtoto haachwi uani peke yake, Intisar alikuwa apanda ngazi na kikombe cha kahawa cha mumewe. Juu kabisa palikuwa na chumba cha giza. Dirisha limepigiliwa mbao, mlango umefunikwa pazia zito kwa ndani, na humo Idarus huosha vioo vyake katika sinia za dawa kwa taa ndogo ya kioo chekundu. Akiwa ndani, mlango haufunguliwi. Mwangaza ukiingia, vioo vyote vyaungua vikawa vyeusi kama makaa, na kazi ya wiki imekwenda. Intisar alikuwa hajafika kipago cha mwisho aliposikia mumewe aitika.

"Karibu," Idarus alisema kule ndani. "Karibu, lakini usifungue mlango."

Intisar akasimama. Hakuwa amepiga hodi.

Akasikia kigoda kinavutwa sakafuni, taratibu, kama mgeni anavyovuta kigoda kwa haya. Kisha ikamjia harufu, si ya dawa za picha, hiyo alishaizoea, bali ya asmini zilizolala majini siku nyingi.

"Idarus? Una nani humo?"

"Si wewe uliyepiga hodi?"

"Mimi ndiyo kwanza nafika."

Idarus akasikika akisogeza sinia. "Basi ni upepo," akasema. Na siku hiyo hapakuwa na upepo wa kuzima hata mshumaa.

Wewe mtu wa pwani hukosi kuelewa. Nyumba zetu zina adabu zake, na hodi ya mchana mkuu haiitikiwi mpaka umwone mbishaji au akutajie jina. Idarus aliijua adabu hiyo tangu alipokuwa akifungwa hirizi. Lakini mikono ilikuwa ndani ya dawa, na mato hayaoni ila ule wekundu, akaitika kwa mazoea tu. Tena akamwambia mgeni aingie na mlango asiufungue. Mgeni akaingia hivyo hivyo.

Kesho yake Idarus alikwenda kupiga Ndia Kuu. Aliporudi alikaa juu mpaka alasiri, kisha akashuka mbio, kioo chamwaga maji mkononi, acheka peke yake.

"Intisar! Mona! Ndooni mwone! Nimempata!"

Wakaitazama picha ilipohamishiwa karatasini ikakauka. Ndia Kuu ile ile, tupu, na vumbi la watu waliofutika. Lakini mbele ya mlango mmoja palisimama mwanamke. Alijitanda nguo nyeupe, uso wazi, mikono imekunjwa tumboni, na kila uzi wa nguo yake waonekana. Alikuwa akitazama mashine.

"Ni nani huyu?" Mona akauliza. "Mbona simjui? Na mimi hapana mtu simjui Ndia Kuu."

"Nami sikumwona," Idarus akasema. "Nilipokuwa nahesabu sikumwona mtu amesimama pale. Lakini ametulia! Tazama alivyotulia!"

Intisar hakutazama uso. Alitazama chini. Jua lilikuwa la asubuhi, vivuli vya milango yote vimelala upande mmoja. Cha mwanamke yule kililala upande wa pili, kimeelekea jua. Alitaka kusema, akaona mumewe alivyong'aa, akalimeza neno.

Picha ile wageni waliigombania. Idarus akapiga nyingine, upande wa Ngomeni. Mwanamke yumo, chini ya ukuta. Akapiga kwenye pembe ya msikiti. Yumo. Akapiga penye kisima. Yumo, tena karibu zaidi. Idarus hakumwona kwa mato hata mara moja, na hakuuliza tena ni nani. Sifa zilikuwa zimemlevya. Nahodha mmoja wa meli alimwambia picha zake zitatundikwa Ulaya, na jina lake chini. Akawa atembea mjini kifua mbele.

Intisar naye alikuwa akitazama mikono. Katika picha ya kwanza mikono ya yule bibi ilikunjwa. Katika ile ya Ngomeni ilikuwa imefunguka kidogo. Penye kisima imejikunja mviringo, mmoja chini na mwingine juu, kama mtu aliyepakata mtoto, na ndani yake hamna kitu.

Wakati huo huo Taha akaanza kutulia.

Huyu alikuwa mtoto wa fujo, nakwambia, wa kupanda shubaka na kuvuta kuku mkia. Mama yake alikuwa amwita mara kumi kabla hajaja. Sasa akiitwa hakuja kabisa. Akimtafuta, amkuta kwenye kigoda kando ya ngazi, mikono magotini, atazama mbele. Mwanzo Intisar alidhani ameshika adabu, hata akashukuru. Mpaka siku moja kabla ya adhuhuri alipomkuta vile, na nzi anatembea juu ya uso wa mtoto, akapanda shavuni, akafika kwenye jicho lenyewe, akalikanyaga jicho, na Taha hakupepesa.

Intisar akampiga yule nzi kwa leso, akamshika mwanawe mabega. Alikuwa baridi kama mtungi.

"Taha, mwanangu, wafanya nini hapa?"

Midomo ilitikisika kidogo tu. "Najifunza kutulia."

"Nani akufunzaye?"

"Mama wa juu. Asema nikitulia kabisa ntakuwa kama yeye. Sitafutika."

Intisar akamchukua mbio mpaka jikoni kwenye moto. Alimpa uji, uji ukabaki mdomoni. Alimpa maziwa, yakamtoka pembeni. Tangu siku ile mtoto hakulia wala hakucheka wala hakumwita mama, na kila siku alizidi kukaza, leo vidole havikunjiki, kesho shingo haigeuki.

Jirani yao, Hafswa, ndiye aliyelitamka lililokuwa likinong'onwa. Hafswa huyo alikuwa na sikio la kusikia mchele ukichaguliwa nyumba ya tatu.

"Intisar, mimi sisemi kitu," akasema, naye amekuja kusema. "Lakini mjane asiye na mtoto, akae nyumba moja na mtoto wa mwenziwe, na kila magharibi apanda na chetezo ngazini akifukiza... Mimi sisemi kitu."

"Wifi yangu hawezi."

"Hawezi! Mtu afugaye jini humwambia wifi yake?"

Neno likaingia. Jioni Intisar akamvizia Mona ngazini na chetezo chake, moshi wa ubani wamzunguka.

"Wifi, wafukiza nini kila siku kwenye mlango wa mume wangu?"

Mona akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Nafukiza kwa sababu pananuka. Wewe huna pua? Mimi nikitaka mtoto wa mtu ntamuazima nimrudishe, siwezi kumla."

"Sikusema umemla."

"Macho yako yasema."

Wakaacha kuzungumza, nyumba ikawa na ugonjwa wa pili. Na Idarus? Intisar alipomweleza, hakumtetea dadake. Aliinamisha kichwa, akafuta vidole vyake vyeusi vya dawa kwenye kikoi. "Labda," akasema. "Siyui. Labda msomeeni, jini limtoke." Alikuwa amekonda naye, na picha zake mpya hakuzileta tena chini.

Ndipo Intisar, mchana mmoja mumewe ametoka, alipopanda kufagia dari, nje ya chumba cha giza, akaona vioo vimeegemezwa ubaoni vikauke. Akakiinua cha mwisho, akakielekeza kwenye mwanga wa ngazi. Ilikuwa picha ya baraza yao wenyewe, ya chini, penye mlango wao. Bibi mweupe alikaa pale, na mikononi mwake palikuwa na ukungu, ukungu wenye kipimo cha mtoto, wenye kichwa, wenye mikono magotini, na katika ukungu ule uso tayari umeanza kushika, pua ya Taha, kovu la Taha la kidevuni alipoanguka ngazini. Palibaki miguu tu haijaonekana vizuri. Akakirudisha kioo mahali pake, na nyuma yake, ndani ya chumba cha giza ambamo hamkuwa na mtu, kigoda kikavutwa.

Hakulia. Alishuka, akajitanda, akambeba Taha, akaenda moja kwa moja kwa Maalim Muhdhar, msomea wagonjwa wa majini.

Maalim alikuwa mzee mfupi, mkali, hapendi maneno mengi. Alisikiza habari za kioo, akamtazama mtoto, akamshika mshipa wa mkono.

"Anahamishwa," akasema kwa sauti ya chini. "Kidogo kidogo. Akimalizika kule kiooni, huku patabaki gamba. Na mgeni huyu hahamishi mtu asiyepewa. Yuko ndani ya nyumba yenu ampaye."

"Nani, Maalim?"

"Hilo ndilo tutakalouliza Ijumaa baada ya sala. Kusanya watu wa nyumba, na majirani, pasikosekane shahidi."

Ijumaa sebule ikajaa. Hafswa alifika wa kwanza, akachukua mahali pazuri pa kuonea. Mona akaketishwa katikati, akafunikwa shuka jeupe, chetezo mbele yake. Alikubali mwenyewe. "Nisomeeni," alisema, "mkimaliza mniombe radhi." Idarus akaja mlangoni, jasho lamtoka.

"Siwezi kumtazama dada yangu akisomewa," akamnong'oneza mkewe. "Nipe Taha. Ntakaa naye ndani, mbali na moshi."

Intisar alimshukuru. Alimshukuru, wasikia? Akampa mtoto mikononi, mgumu kama kipande cha mbao, akamfuta uso, akarudi sebuleni.

Maalim akasoma. Ubani ukapanda mpaka kwenye boriti. Akasoma kwa muda mrefu, akapuliza, akagonga sakafu kwa bakora.

"Ewe uliyemo humo, sema jina lako!"

"Jina langu Mona," shuka likajibu, "na magoti yaniuma."

Watu wakataka kucheka, wakaogopa. Maalim akasoma tena, akainama akanusa hewa juu ya kichwa cha Mona kama anusaye chakula, kisha akalivuta shuka likamwangukia mabegani.

"Huyu hana kitu," akasema. "Ni mtu safi kuliko ninyi mliomleta."

Hapo hapo, juu ya vichwa vyao, juu kabisa, kigoda kikavutwa. Kisha cha pili.

Intisar hakumbuki alivyoinuka, ajua tu kwamba ngazi zile alizozipanda kila siku na kikombe cha kahawa bila kumwaga tone zilikuwa leo haziishi, na harufu ya asmini zilizooza yashuka kumlaki, yaingia puani na mdomoni mpaka apumua maua, na nyuma yake miguu ya watu wote wa sebule yakanyagana, Hafswa apiga yowe kabla hajaona kitu, Maalim asoma kwa sauti kubwa huku apanda, na juu, nyuma ya mlango uliofungwa, yasikika sauti ya Idarus, sauti tulivu ya kazi, sauti ile ile aliyoipenda alipoolewa, ikihesabu polepole, polepole, na katikati ya hesabu ikinong'ona kwa upole, "Tulia, baba, usipumue, karibu tumalize," na Intisar, ambaye tangu aingie nyumba hii hakuwahi kuugusa mlango ule mumewe akiwa ndani, akautia bega, akaling'oa pazia na misumari yake, na mwanga wa mchana wa Ijumaa ukamiminika chumbani kama maji yaliyovunja mtungi.

Wote wakaona.

Mashine ilisimama katikati ya chumba kwa miguu yake mitatu, jicho lake wazi, gizani, mahali ambapo Idarus mwenyewe alikuwa akiwaambia watu hapapigiki picha. Mbele yake vigoda viwili vimeshikamana. Kimoja amekaa Taha, shingo yake imezuiwa kwa chuma cha Magoa cha kumtuliza mtu kichwa, mato wazi. Cha pili kilikuwa kitupu, chenye mto wa sufi juu yake, na mto ule ulikuwa umebonyea katikati, umebonyea sana, na mbele ya mato ya watu wote, polepole, ukaanza kuumuka, kama unavyoumuka mto mtu mzito anapoondoka.

Idarus alisimama kando ya mashine, kifuniko mkononi, kidole kimeinuliwa katikati ya hesabu.

"Fungeni mlango!" akapiga ukelele. "Mwaniharibia! Bado kidogo tu! Ni hii ya mwisho, wallahi, aliniambia hii ndiyo ya mwisho!"

"Nani aliyekwambia?" Maalim akauliza.

Idarus akaangalia kigoda kitupu, akaangalia nyuso mlangoni, za ndugu, za majirani, ya Hafswa mbele kabisa, akakificha kifuniko nyuma ya mgongo wake, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Intisar alikwisha kufika kwa mwanawe. Akakitupa kile chuma, akamvuta kifuani, akamtikisa, akamwita jina. Kichwa cha mtoto kililala begani mwake kizito, baridi. Kisha Taha akapepesa. Akavuta pumzi ndefu yenye kwikwi, akaanza kulia, kilio kikubwa, kibaya, cha kamasi, cha mtoto aliyesumbuliwa usingizini, na miguu yake ikampiga mamake teke la tumbo.

Nyuma ya watu, Mona akajipenyeza mpaka mbele, nywele zanuka ubani, shuka la kusomewa bado li begani. Akamtazama nduguye. Akalivua shuka, akamfunika nalo kichwa, kifuniko na vyote.

"Maalim," akasema, "leta chetezo huku juu. Mgonjwa wako ndiye huyu."